Mashine ya kukereza inatembea sakafuni na patasi inanasa: naanzia wapi kuifunga vizuri?

Mwanagenzi_wa_Mbao

Wakuu, habari za kazi.

Nimepata mashine ya kukereza mbao iliyokwisha kutumika. Ni ya chuma kizito, kitanda chake kinachukua mti wa karibu mita moja, na juu ya kitanda inazungusha kipenyo cha mm 300. Mota ni ya mizunguko 1440 kwa dakika, na mkanda unahamishwa kwa mkono kwenye puli za ngazi nne. Kibati cha ubavuni kinaonyesha kasi 500, 950, 1600 na 2600. Nimeikuta imefungwa kwenye 1600 na bado iko hapo.

Shabaha yangu ni miguu ya stuli kwanza, kisha bakuli. Miguu inakwenda kiasi. Tatizo ni bakuli. Nimekata kipande cha mviringo, kipenyo mm 250 na unene mm 75, nikakikaza kwenye sahani ya chuma ya mashine kwa skrubu nne. Nilipowasha, mashine nzima ilianza kutikisika na kutembea sakafuni, ikabidi nizime. Nikirudi kwenye miguu nako, patasi inakata vizuri, maranda yanatoka marefu, halafu ghafla mti unaikamata, unasikia "pa!", mpini unaruka na mti unabaki na shimo.

Naomba kujua: je, niifunge mashine kwa bolti sakafuni? Kasi ipi ni ya kazi ipi? Na kwa nini patasi inanaswa wakati makali ni yaleyale na mkono ni uleule?

Kerezo_na_Bobari

Ndugu, umefanya vizuri kuizima. Chomoa na waya ukutani, tuanze upya.

Nimefundisha vijana kazi hii muda mrefu, na siku ya kwanza huwaambia jambo moja: kwenye kerezo usalama unaamuliwa kabla hujabonyeza swichi. Mti ukishazunguka, mkono hauna kasi ya kurekebisha kilichofungwa vibaya. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye maandalizi, na ya patasi nitayasema mwishoni.

Nianze na kasi, maana ndiyo iliyokutembezea mashine. Wakerezaji wana kanuni yao: chukua kipenyo cha mti kwa inchi, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, jibu liwe kati ya 6000 na 9000. Kwa milimita, ni kati ya 150,000 na 225,000 hivi. Kipande chako cha mm 250 kinataka mizunguko 600 hadi 900, na hapo ni kikiwa kimeshakuwa mviringo kamili na uzito wake umelingana pande zote. Kikiwa kimetoka tu kwenye msumeno na bado hakijawa duara, anza chini ya hapo. Kwenye mashine yako hiyo ni 500, basi. Wewe umekiwasha kwa 1600.

Tazama tofauti yake. Kwa 1600, ukingo wa kipande hicho unakwenda karibu kilomita 75 kwa saa. Kwa 500 unakwenda kama 24. Na ile nguvu inayotikisa mashine kwa sababu upande mmoja ni mzito haipandi sawa na kasi. Inapanda kwa mraba wake. Ukitoka 500 kwenda 1600 umeizidisha zaidi ya mara kumi. Kipande cha ukubwa huo kina kilo mbili na nusu au tatu, na kama mti ni mbichi kinazidi. Sasa fikiria kilo tatu zinang'oka kwenye skrubu nne na kuruka usawa wa kifua chako kwa mwendo wa gari. Kwenye kazi yetu watu wameumia usoni na wengine wamekufa kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo usilione ni jambo dogo.

Kwa miguu ya stuli, kama mti una mm 50, kanuni inakuruhusu hata 3000. Wewe baki kwenye 950 mpaka pembe zote za mraba ziishe na mti uwe duara, kisha panda 1600. Hiyo 2600 iache kwanza. Na ukimaliza kazi yoyote, rudisha mkanda kwenye 500 kabla hujaondoka, ili atakayewasha kesho, awe wewe au mwingine, aikute mashine ikiwa ya polepole. Mkanda unahamishwa waya ukiwa umechomolewa. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Sasa sakafu. Kabla ya bolti, hakikisha miguu yote minne inakaa. Chukua kipande cha karatasi, jaribu kukipitisha chini ya kila mguu. Kikipita, huo mguu unaning'inia, na mashine itacheza hata ukiijaza saruji. Weka kibao chembamba kigumu mpaka karatasi igome. Tahadhari hapa: ukikaza bolti wakati mguu mmoja unaning'inia unakipinda kitanda, na kitanda kikipinda vichwa viwili, cha upande wa mota na kile cha mkia kinachobana mwisho wa mti, havitazamani tena. Baada ya kuisawazisha, bolti ni nzuri, na kama sakafu si yako kuitoboa, tengeneza rafu chini kati ya miguu uweke mifuko ya mchanga. Uzito ulio chini unatuliza mtikisiko kuliko watu wanavyodhani. Usiiweke kwenye magurudumu.

Kimo: simama wima, kunja mkono, kiwiko chako kiwe usawa wa katikati ya shafti inayozungusha mti, au shafti izidi kidogo. Ikiwa chini ya hapo utainama siku nzima, na mtu aliyechoka mgongo huegemea mashine.

Kisha leta mkia mpaka senta yake ikutane na senta ya kichwa. Ncha mbili zigusane kama zinataka kuingiliana. Zikipishana juu au pembeni, mti utafungwa lakini utakuwa unalegea kila unapozunguka, na tundu lolote utakalotoboa litakwenda mshazari. Mashine ya zamani mara nyingi ina uchafu au maranda yaliyogandamizwa chini ya kichwa. Fungua, safisha, funga tena, pima upya.

Swichi nayo. Iwe mahali unapoifikia bila kupitisha mkono wala mwili mbele ya mti unaozunguka. Ukiweza weka swichi ya sumaku, ile ambayo umeme ukikatika inajizima na umeme ukirudi mashine haiwaki yenyewe mpaka ubonyeze. Kwa mashine ambayo mtu anaweza kuwa ameshika chaki yake, kile kishikio chenye taya kinachobana mti, wakati umeme unarudi, mimi siihesabu kuwa ni anasa.

Tuje kwenye kufunga mti wenyewe. Skrubu nne za sahani ni sawa kama ni skrubu nene za mbao na zinaingia mm 20 au zaidi ndani ya mti mzima. Zile nyeusi nyembamba za kufungia bodi za jasi usizitumie kabisa. Ni ngumu lakini hazipindi, zinakatika, na zinakatika zote kwa mkupuo. Usizipige kwenye nyuzi za mwisho, yaani uso uliokatwa kukingama gogo, maana pale skrubu haina inachoshika. Kagua kila fundo na kila ufa kabla hujafunga. Gonga kipande kwa kifundo cha kidole; mlio mkavu uliopasuka una maana ndani kuna ufa. Kipande hicho kirudishe kwenye kuni.

Na kwa bakuli, hata kama sahani imeshika, leta mkia nao ubane kwa mbele mpaka utakapokuwa umemaliza upande wa nje. Mkia ukiwepo, kipande hakina pa kwenda.

Ukishafunga, zungusha kwa mkono. Mzunguko mzima, polepole, ukisikiliza. Kikigonga popote egemeo, kile chuma unacholalishia patasi, utasikia. Ukikiacha na kikarudi chenyewe mpaka upande mmoja ukawa chini, huo ndio upande mzito. Punguza kwa msumeno au kwa shoka kabla ya kuwasha. Hakikisha wenzo wa egemeo umekaza, wa mkia umekaza, na ufunguo wa chaki uko mezani wala haukubaki kwenye chaki. Halafu simama pembeni, upande wa kichwa cha mashine, kando ya mstari ambao mti ungeurukia kama ungeng'oka, ndipo uwashe. Uiache izunguke kidogo. Ikitulia, njoo mahali pako.

Ya patasi nitaandika jioni, nina mti kwenye mashine.

Kerezo_na_Bobari

Naendelea.

Egemeo liwe karibu na mti, mm 3 hadi 6, si zaidi. Kila unapopunguza mti pengo linakua, kwa hiyo zima, sogeza, zungusha kwa mkono, washa. Wengi wananaswa kwa sababu walianza na pengo dogo na dakika kumi baadaye pengo limekuwa vidole viwili na hawajaliona. Ncha ya patasi ikitoka mbali na egemeo, mti unapata nguvu ya kuishusha ambayo mkono wako kwenye mpini hauwezi kuipinga. Na usisogeze egemeo mti ukiwa unazunguka.

Sasa kile kishindo. Tazama kinachotokea pale kwa karibu. Mti unakuja kwako kutoka juu kwenda chini. Ukipeleka makali yakagusa mti kwanza, kabla chuma hakijalala kwenye egemeo, mti unayachukua makali na kuyabamiza chini juu ya egemeo kwa nguvu yote ya mota. Ndiyo "pa!" uliyoisikia. Mpini unaruka juu, ncha inazama, na kinachokatika ni chochote kilicho dhaifu: mti, patasi au kidole kilichokuwa kimechomoza upande wa pili wa egemeo.

Kwa hiyo utaratibu ni huu na hauna njia ya mkato. Chuma kilale kwenye egemeo kwanza. Mpini ushuke, uuegemeze kwenye nyonga. Kisha sogeza mpaka ule mteremko ulionolewa nyuma ya makali uguse mti. Mteremko tu, makali bado. Hapo hakuna kinachokatwa, unasikia msuguano na unauhisi mti kwenye kiganja. Sasa inua mpini kidogo kidogo. Mlio utabadilika, maranda yataanza kutoka kama uzi. Simamia hapo. Mteremko unaoegemea mti ndio unaozuia makali yasizame. Ukiuondoa, makali hayana breki. Ukitaka kuondoka kwenye mti, shusha mpini, usivute patasi nyuma kwa ghafla.

Jambo la pili linalonasa patasi ni kukata kwa sehemu ya makali isiyo na chuma cha kuishikilia chini yake. Bobari, yaani patasi yenye mfereji, ikilala wazi kama kijiko na ukakata kwa bawa lake la juu, mti utaizungusha mkononi mwako. Iviringishe ielekee upande unaokwenda, ukate kwa sehemu iliyo chini karibu na ncha. Patasi ya mshazari ndiyo yenye hasira zaidi: kata kwa katikati ya makali au chini ya katikati, na ile pembe ndefu ya juu isiguse mti unapolainisha.

La tatu ni mwelekeo wa nyuzi. Kwenye mguu wa stuli, nyuzi zinakwenda kwa urefu, kwa hiyo siku zote teremka: kutoka mahali panene kwenda mahali pembamba. Ukipanda, nyuzi zinainuka mbele ya makali na zinachanika. Kwenye bakuli lililokatwa kutoka ubao, nyuzi zimelala kukingama, basi kwa nje unatoka kitako kwenda mdomoni, na kwa ndani unatoka mdomoni kwenda katikati.

Na hili naliandika peke yake kwa sababu ndilo linalonikosesha amani nikisikia mtu anahama kutoka miguu ya stuli kwenda bakuli. Ile bobari pana ya kusawazishia miti mirefu, yenye mdomo mkubwa kama nusu ya bomba, usiipeleke kwenye bakuli hata mara moja. Itazame pale inapoingia kwenye mpini: chuma kimepunguzwa kikawa ulimi mwembamba bapa. Kwenye bakuli, kila mzunguko mmoja makali yanakutana na nyuzi za mwisho mara mbili, na mdomo wa bobari hiyo ni mpana mno. Ikinasa, inavunjika pale pembamba na kipande cha chuma kinaruka. Bobari ya bakuli inatengenezwa kwa nondo ya mviringo, nene mpaka ndani ya mpini, na mfereji wake ni wa kina. Hebu tuambie una patasi zipi.

Mwanagenzi_wa_Mbao

Mzee wangu, asante sana. Nimesoma yote. Nimejaribu ile ya karatasi, na kweli mguu wa nyuma kulia karatasi inapita bila kugusa.

Patasi nilizonazo ni hizi: bobari pana kama uliyoieleza (kumbe ndiyo niliyotaka kuipeleka kwenye bakuli), patasi ya mshazari, patasi nyembamba ya kukatia, na mbili ambazo zilikuja na mashine, fundi wa mwanzo alizitengeneza kwa tupa za zamani. Meno ya tupa bado yanaonekana mgongoni. Moja ameinoa mviringo na nyingine bapa, zinakata vizuri mno.

Swali jingine: maranda yanapiga mkono wa kushoto na mengine ni ya moto. Nimefikiria kuvaa glavu za ngozi.

Jiwe_la_Kunolea

Kabla mzee hajarudi: weka hizo za tupa pembeni leo. Tupa imefanywa ngumu kabisa ili imege chuma kingine, na ugumu huo unakwenda na wepesi wa kuvunjika kama kioo. Inakata vizuri, ndiyo, maana makali yanakaa. Lakini kwenye kerezo patasi haisukumwi tu, inapigwa. Siku ikinasa haitapinda, itakatika kwenye egemeo, na yale meno ya mgongoni kila mmoja ni mahali pa ufa kuanzia. Kuna wanaosema unaweza kuichoma upya ipunguze ugumu. Kwa mtu ambaye hawezi kuhakikisha amefikia joto gani na chuma chake ni cha aina gani, mimi simshauri.

Kwa kunoa: kama ni chuma cha kaboni, usikiache kiwe cha buluu kwenye jiwe la umeme, kikifika hapo kimekwisha laini, chovya maji mara kwa mara. Kama ni chuma cha kasi kubwa, kile ambacho patasi nyingi za kisasa zinatengenezwa, kinastahimili joto na rangi ya buluu haikiharibu, ila usikichovye kwenye maji kikiwa cha moto sana, kinaweza kupata nyufa ndogo za ndani. Pembe zake: bobari pana digrii 45 hivi, bobari ya bakuli kati ya 40 na 60, ya kukwangulia 70 hadi 80. Gusa jiwe kwa wepesi. Patasi butu ni sababu nyingine ya kunasa, kwa kuwa butu huisukumi, unailazimisha.

Kerezo_na_Bobari

Namuunga mkono ndugu hapo juu, na niongeze kwamba tupa hizo usimpe mtu mwingine.

Glavu: hapana. Mkono mtupu ukigusa mti unaozunguka unachubuka na unarudi. Glavu ikigusa inanaswa, na mkono unaifuata. Hivyo hivyo mikono mirefu ya shati, pete, saa, mkufu, kamba za kofia ya sweta, na nywele zisizofungwa. Maranda yakikupiga, geuza mkono: shika patasi kwa juu, ubavu wa kiganja ukiwa kwenye egemeo, na maranda yatapita nje. Yakiwa ya moto sana mara nyingi makali yamekwisha, unasugua badala ya kukata.

Usoni vaa ngao angavu ya plastiki ngumu inayofunika uso wote mpaka kidevuni. Miwani ya kazi peke yake inalinda macho, haizuii kipande cha mti kuvunja taya. Mimi huvaa vyote viwili.

Ukifika kwenye msasa, ondoa egemeo kabisa. Vidole vikivutwa kati ya mti na egemeo hakuna nafasi ya kutoka. Shika msasa kwa chini ya mti, upande ambao mti unauondoa mkono wako badala ya kuuvuta ndani, na usiuzungushe msasa kwenye mti na kuushika ncha zote mbili. Kupaka nta au mafuta, tumia karatasi laini inayochanika. Kitambaa hakichaniki.

Vumbi_Baya

Niongezee kidogo kwa sababu nimeona watu wengi wanavaa ngao ya uso halafu wanapumua vumbi chini yake siku nzima. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995, na saratani inayohusishwa nalo zaidi ni ya pua na matundu yaliyo karibu na pua. Maranda makubwa si tatizo, tatizo ni ule unga wa msasa usioonekana. Vaa barakoa ya vumbi inayobana vizuri, fungua madirisha, na kama una feni iweke ivute nje, isikupulizie usoni. Mpingo na mvule vinajulikana kuwasha ngozi na kifua kwa baadhi ya watu. Ukiona macho yanavimba au unakohoa usiku baada ya mti fulani, uachane nao.

Na karatasi au vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike kwenye kona yenye maranda. Mafuta hayo yanapokauka yanatoa joto, na rundo likikosa hewa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au vilowekwe kwenye ndoo ya maji.

Mwanagenzi_wa_Mbao

Nimesawazisha mguu, nimeweka mchanga, nimeshusha mkanda mpaka 500, skrubu nimebadilisha za kunenepa. Nimewasha kipande kilekile nikiwa nimesimama pembeni, mkia umebana. Mashine haikutembea. Kuna mtetemo mdogo tu, nadhani ni kwa sababu bado hakijawa duara. Sijakata, nasubiri bobari ya bakuli.

Mzee, mtu mmoja kaniambia baada ya upande wa nje nitengeneze ulimi, yaani kishina kifupi cha mviringo, kwenye kitako ili nigeuze na kushika kwa chaki ya taya nne nichimbe ndani. Chaki ilikuja na mashine, taya zake zikifunga kabisa zinaacha duara la mm 45 hivi. Ulimi uwe mkubwa kiasi gani?

Kerezo_na_Bobari

Mtetemo mdogo ni wa kawaida, utaisha ukifikia duara. Ukiisha, unaweza kuongeza, ila wewe huna kasi kati ya 500 na 950, na 950 kwa mm 250 inapita kanuni kidogo. Baki 500. Kazi itachelewa, lakini itakamilika.

Kuhusu ulimi: taya za chaki zimechongwa zifanye duara kamili pale zinapokaribia kufunga. Zikifunguka sana, kila taya inashika kwa pembe zake mbili tu na inauma mti badala ya kuukumbatia. Kwa hiyo mm 50 hadi 55 inakufaa kwa taya zako. Usiende chini ya theluthi moja ya kipenyo cha bakuli, wengine husema asilimia 40, na hapo utaona tatizo: theluthi ya 250 ni mm 83. Maana yake chaki hii na taya hizi ni ndogo kwa bakuli hili. Nakushauri bakuli lako la kwanza liwe la mm 150. Au ukitaka kubaki na hili, tafuta taya kubwa zaidi za chaki hiyo hiyo.

Umbo la ulimi lina uzito kuliko kipimo. Bega lake, pale ulimi unapokutana na kitako, liwe bapa na pembe yake iwe kali, bila mviringo wa kona, ili vichwa vya taya vilale juu yake pote. Ncha ya ulimi isiguse kitako cha chaki. Ikigusa, bega litaning'inia na bakuli litacheza. Urefu wa mm 6 hadi 8 unatosha. Kagua kama taya zako ni za kunyooka au zimepinda kwa ndani kama mkia wa njiwa, uuchonge ulimi ufuate umbo hilo hilo. Kaza, zungusha kidogo kwa mkono, kaza tena, kwa sababu mti mbichi unalegea ukibanwa. Leta mkia ubane kwa mbele kwa muda wote unaochimba pembeni, na uondoe pale tu unapobaki na ile nguzo ya katikati.

Jambo jingine: kama mashine yako ina swichi ya kurudi nyuma, usiitumie ukiwa na chaki isiyo na skrubu ya kuizuia kwenye shafti. Ikizunguka kinyume chaki inajifungua yenyewe na kuondoka na bakuli.

Ulimi ukiwa tayari, piga picha ya bega ukiwa umeweka rula pembeni, iweke hapa kabla hujafunga kwenye chaki. Nitakuambia kama unakaa.